Sheria ya Kuwakataza Majongoo Bahari Kutapika

Kwa furaha kubwa, na kwa idhini ya Ofisi ya Meya, natangaza rasmi kwamba kuanzia tarehe moja Aprili majongoo bahari wote wanaofugwa katika mji wa San Telesforo wamekatazwa kutapika utumbo wao, mchana na usiku, siku za kazi na sikukuu, iwe kwa hasira, kwa joto, au kwa sababu nyingine yoyote ambayo haijaombewa kibali.

Nimechelewa kutangaza, najua. Sheria yenyewe imeshakufa na kuzikwa. Lakini tangazo hili niliandikiwa nilisome uwanjani siku ile, kipaza sauti kikagoma, na mimi si mtu wa kuacha hotuba nzuri ikaoza mfukoni.

Jina langu ni Purificacion. Watu huniita Nang Puring, yaani dada mkubwa, ingawa dada mwenyewe ana miaka sabini na minne na meno yake hulala kwenye glasi. Nilikuwa Katibu Msaidizi wa Kamati ya Utulivu wa Viumbe wa Baharini Wasio na Mifupa. Katibu kamili hakuwepo. Meya alisema nafasi hiyo itajazwa akipatikana mtu aliyesoma. Mimi niliishia darasa la sita, ila mwandiko wangu unasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Waliponiuliza kama nina uzoefu wowote na viumbe wasio na mifupa, nilijibu kwamba nimeolewa mara mbili. Wakaniajiri hapo hapo.

Walinipa kitambulisho cha plastiki chenye kamba ya buluu. Nilikivaa kanisani, nilikivaa sokoni, nilikivaa kuoga. Ukishavaa kitu kama kile, upuuzi wowote unaanza kuonekana una mantiki. Nawaomba mnicheke sasa hivi tumalize, maana huko mbele kuna mengi na mtachoka.

Jambo lenyewe lilianzia kwa Inday Glorivic, yaani binti Glorivic, jirani yangu. Ana watoto wawili na mume baharia anayepiga simu Jumapili. Tufani ya Desemba iliondoka na paa lake, akaezeka nyumba kwa turubai la kampeni la Meya. Kwa hiyo kila alipolala chali, Meya alimtazama kutoka juu akitabasamu, futi nane kwa kumi na mbili, na chini ya kidevu maandishi: NIPO KWA AJILI YAKO. Mvua ikinyesha, Meya alivuja puani.

Mali pekee aliyokuwa nayo Glorivic ni uzio wake: nyavu zilizofungwa kwenye nguzo za mianzi, maji ya magotini, mbele kabisa ya ofisi ya mji. Ndani yake majongoo bahari mia sita, aliowaweka wakiwa wadogo kama kidole gumba. Kazi ya jongoo bahari ni kujifukia mchangani jua likiwaka, kutoka likizama, kula mchanga, na kunenepa polepole kama mtumishi wa serikali. Mnunuzi huja Septemba kutoka kisiwa kikubwa, na hamgusi jongoo ambaye hajafika gramu mia tatu. Septemba ikikuta wamefika, Glorivic anapata mabati. Wasipofika, anaendelea kulala chini ya Meya. Nasema kwa maana ya turubai.

Mwezi Machi jua lilikuja kwa fujo. Maji ya pwani yalipata moto hata kaa walitembea kwa kunyanyua miguu. Siku hiyo Meya Eustaquio Balongkit, ambaye mji mzima humwita Meya Takyo, alishuka ufukweni na shemeji yake Bitoy, mpiga picha wa ofisi, ili apigwe picha na mradi. Kwetu mradi usiopigwa picha haujatokea. Meya alipandisha suruali, akaingia uzioni, akachomoa jongoo mmoja mchangani, akamwinua juu kama kikombe cha ligi.

"Tabasamu!" akasema Bitoy. Sijui alimwambia yupi.

Jongoo akatoa utumbo wake wote kwenye shati la Meya. Na halikuwa shati la hivi hivi. Lilikuwa barong, lile la nyuzi za mananasi, la harusi na mazishi.

"Ananitapikia mimi?" Meya akauliza.

"Amezidiwa, Meya," akasema Glorivic. "Joto, tena umemtoa majini. Mrudishe taratibu, ataota utumbo mwingine. Ila wiki mbili tatu hatakula, atakonda."

"Hujamfundisha adabu."

"Ni jongoo, Meya."

"Hata wapiga kura walianza hivyo hivyo."

Jioni ile ile sheria ikaandikwa na kamati ikaundwa. Kibao cha katazo kilisimikwa chini ya maji, kwa kuwa ndiko waliko wahusika.

Sasa nieleze kazi za Kamati, maana tulifanya kazi. Meya alikuwa amesoma kwenye simu yake kwamba viumbe wa baharini wanaofugwa hupata msongo wa mazingira. "Msongo," alituambia, "hauwezi kuachwa uzururezurure. Lazima upimwe." Tukaazimia Ukaguzi wa Utulivu kila Jumatatu na Ijumaa. Ratiba yake ilikuwa sala, wimbo wa taifa, neno la ukaribisho, neno la kushukuru neno la ukaribisho, hotuba ya Meya, kipimo, picha, na vitafunio. Majongoo ishirini, waliochaguliwa kuwawakilisha wenzao, walichomolewa mapema na kuwekwa juani kwenye beseni la bati lenye utepe, ili wasikie hotuba. Hotuba ilikuwa fupi, dakika arobaini na tano. Ikiisha, maji ya beseni ungeweza kukorogea kahawa.

Kisha kipimo. Kila jongoo alinyanyuliwa na mgeni wa heshima, akatazamwa, akapigwa picha, nami nikaandika daftarini hali yake: ametulia, amekasirika kiasi, au ametapika. Mwanzoni daftari lilikuwa na safu mbili tu, namba ya jongoo na hali yake. Meya akaniita pembeni.

"Nang, ongeza safu ya mshikaji."

"Ya nini, Meya?"

"Kila aliyemshika jongoo aandikwe jina. Langu kwa herufi kubwa. Siku moja daftari hili litawekwa makumbusho."

Nikaongeza. Nilitumia rula.

Diwani mmoja alisema kuku wake hutaga wakisikia muziki, kwa hiyo tukaleta mashine ya karaoke hadi ukingo wa maji. Meya aliimba nyimbo nne, ya mwisho kwa kurudia kiitikio. Siku hiyo walitapika kumi na mmoja. Tuliandika kwamba viumbe walionyesha kuguswa sana na sanaa.

Baada ya wiki tatu nilijumlisha, na Kamati ikapata mshtuko: karibu majongoo wote waliotapika walitapika siku za ukaguzi. Tulikaa kikao cha dharura. Tukala tambi za pansit, tukala vitumbua vya mchele vya puto, tukatafakari. Mwisho tukaazimia hivi: kwa kuwa siku za ukaguzi ndizo zenye hatari kubwa, na kwa kuwa viumbe hawawezi kuachwa peke yao katika siku za hatari, ukaguzi ufanyike kila siku. Azimio hilo niliandika mimi, kwa mkono huu unaoandika sasa. Niliona lina akili. Nililipigia mstari mara mbili.

Tena msidhani nilikaa na kalamu tu. Nilishika majongoo na mimi. Ningekosaje? Zipo picha thelathini na moja za Katibu Msaidizi na jongoo. Katika zote thelathini na moja jongoo anatazama kamera, mimi nimefumba macho.

Glorivic alikuja kwangu mapema Mei, nikiwa napiga pasi kamba ya kitambulisho.

"Nang, wanakonda. Mwezi uliopita walikuwa wamefika mia mbili arobaini. Leo nimepima, mia mbili na kumi."

"Inday, malalamiko yanajazwa kwenye fomu."

"Fomu iko wapi?"

"Haijachapishwa."

"Sasa nifanye nini?"

"Unaweza kuomba fomu ya kuomba fomu."

Akaniangalia vile wanangu walivyokuwa wakiniangalia nikiwaambia dawa si chungu. "Nang Puring, wewe ndiye uliyemzalisha mama yangu. Iweke chini hiyo kadi, uongee na mimi kama mtu. Mnawatoa mchangani kila siku, mnawachemsha juani, mnawapa mameya wawashike—"

"Meya ni mmoja."

"Anashika kama kumi! Septemba haiko mbali, Nang. Mwaka mwingine chini ya lile turubai siuwezi. Mwanangu wa mwisho kila akilia usiku anafunikwa shuka usoni, anamwogopa."

Nilitaka kumjibu kama mtu. Kweli nilitaka. Lakini kitambulisho kilikuwa kimegeukia mbele, na kitambulisho kikigeukia mbele ulimi wangu unaingia ofisini. Nikamwambia kwamba suala lake limepokelewa. Alipotoka, nilikaa na pasi mkononi mpaka nikanusa kamba inaungua.

Wiki iliyofuata Meya alitangaza kwamba chanzo cha msongo kimegunduliwa. "Wanyama humwiga mwenyewe," alisema. "Mwenyewe ana sura ya huzuni. Mmeshawahi kumwona akicheka?" Kwa hiyo uzio utachukuliwa kutoka kwa Glorivic na kuwa Kituo cha Utulivu cha Manispaa, mkurugenzi wake Bitoy, ambaye anacheka hata kwenye matanga. Ila mambo yafuate utaratibu: kikao cha hadhara, uwanja wa mpira wa kikapu, na mtaalamu wa mkoa aje abariki.

Mtaalamu alikuja. Madam Querubin, mwanamke mfupi, kofia pana, mabuti ya mpira, na kipimajoto kikichungulia mfuko wa shati. Kabla ya kukaa alipita uzioni kwanza, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Meya alimpa nafasi aeleze kitaalamu kwa nini jongoo hutapika, dakika mbili.

"Akizidiwa," akasema Madam Querubin, "na joto, au maji ya mvua yakimzidi, au akishikwashikwa, anatoa utumbo. Adui anabaki na utumbo, yeye anaenda zake."

"Yaani anampa mkubwa kitu kidogo ili aachiwe apite?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Unaweza kusema hivyo."

"Basi anaijua barabara ya kwetu huyo!"

Uwanja ukacheka. Meya hakucheka, akasimama. Akapendekeza sheria mpya, na naiandika hapa kama ilivyo kwa sababu niliiandika pale: Chanzo cha msongo, kikishathibitishwa, kiondolewe na kisikaribie uzio chini ya mita mia mbili kwa muda wa miaka mitatu, pamoja na wasaidizi wake, vyombo vyake, na ofisi yake kama anayo. Hayo maneno ya "ofisi yake kama anayo" yalikuwa mapambo tu. Meya alipenda sheria iwe na mkia.

Madiwani waliinua mikono kabla hajamaliza, kama desturi. Sheria ikapita.

Glorivic akasimama. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. "Meya, nyumba yangu iko mita sitini kutoka pale. Uzio mnauchukua. Sasa mnanitoa na nyumbani? Niende wapi na watoto?"

"Sheria haijamtaja mtu, Inday," akasema Meya kwa upole. "Sheria inasema chanzo."

"Na chanzo mmekijuaje?" akauliza Madam Querubin.

"Kwa takwimu, Madam. Sisi hapa hatubahatishi. Nang Puring, soma daftari."

Ningependa kuandika kwamba nilisimama kwa ushujaa. Hapana. Nilisimama kwa sababu maishani mwangu sikuwahi kupewa kipaza sauti kinachofanya kazi. Nikafungua daftari. Hapo ndipo nilipomwona Glorivic, safu ya kwanza, amekumbatia mkoba wake kama mtu anayesubiri boti ya kumpeleka asikokujua. Na mimi nilikuwa najua kilichoandikwa mle. Wiki sita nilikuwa najua. Nilikijua kama mtu anavyojua ana jino bovu, akawa anatafunia upande mwingine.

Ningeweza kusoma safu mbili tu. Lakini nimesoma hadi darasa la sita. Nikiambiwa soma, nasoma mstari mzima.

"Tarehe tatu Aprili. Jongoo namba nne. Ametapika. Mshikaji: MHESHIMIWA MEYA EUSTAQUIO BALONGKIT."

Kwa kuwa jina lilikuwa kwa herufi kubwa, nililisoma kwa sauti kubwa.

"Namba saba. Ametapika. Mshikaji: MHESHIMIWA MEYA EUSTAQUIO BALONGKIT. Namba kumi na mbili. Ametapika. Mshikaji: Katibu Msaidizi Puring." Nikakohoa. "Namba kumi na tatu. Ametapika. Mshikaji—"

"MHESHIMIWA MEYA!" uwanja mzima ukaitikia.

"Inatosha, Nang," akasema Meya.

"Nina kurasa kumi na tisa, Meya. Ndiyo kwanza tuko Aprili."

"Nipe jumla tu," akasema Madam Querubin.

"Waliotapika ni tisini na wawili. Mikononi mwa Mheshimiwa, arobaini na saba. Madiwani kwa pamoja, ishirini na wanane. Katibu Msaidizi, kumi na saba."

"Na mikononi mwa mfugaji?"

"Hakuna, Madam."

"Hata mmoja?"

"Hawashiki. Mimi nilimuuliza siku moja mbona hataki picha. Akasema, Nang, waache, wako kazini."

Diwani wa karaoke alinyanyua mkono na kusema kwamba yeye alishika kwa kulazimishwa. Mwingine akasema alishika, ila moyoni hakushika.

"Hiyo safu ya mshikaji ifutwe!" akasema Meya. "Nani aliyeiweka?"

Niliulizwa. Nikajibu.

"Basi tupitishe sheria nyingine."

"Mnaweza, Meya, mkitangaza kikao siku thelathini kabla," akasema Madam Querubin, akifunga kalamu yake. "Hii imeshapita, mikono nimeiona. Nakala nampelekea Gavana leo. Nani ana kamba ya kupimia?"

Glorivic alikuwa nayo. Wafugaji wana kamba yenye fundo kila mita, ya kupimia nyavu. Aliishika yeye ncha moja, akaifunga kwenye nguzo ya uzio wake, na mji mzima ukamfuata akitembea nayo, ukihesabu mafundo kwa sauti. Ukuta wa ofisi ya Meya ulikuwa mita themanini na tatu.

Nje ya mita mia mbili, jengo pekee la umma lenye nafasi lilikuwa uwanja wa kupiganishia majogoo, nyuma ya soko. Ofisi ilihamia huko kwa mkokoteni, safari nne. Meya sasa anatia sahihi kwenye dirisha la kupokelea dau, na Jumapili anapisha majogoo, kwa kuwa wao waliweka nafasi kabla yake.

Uzio ukabaki wa Glorivic, na humo hakuna aliyefanya chochote. Hiyo ndiyo ilikuwa hatua yote. Maji yakatulia, Juni ikaleta mawingu, majongoo wakaota utumbo mpya na kurudi mchangani kwao. Septemba mnunuzi alichukua mia nne na themanini. Waliobaki alisema ni wembamba, warudi mwakani. Hao wengi wao ni wale waliowahi kushikwa, wengine na mimi. Mabati yamepigwa. Turubai Glorivic amelitandaza uani anaanikia samaki, na mwanawe wa mwisho anatembea juu yake bila hofu.

Mimi na adhabu yangu tunaendelea. Msaidizi wa chanzo naye ni chanzo, nimebakiza miaka miwili na miezi kadhaa bila kuloweka miguu baharini. Kitambulisho walikisahau kunivua, nami sikuwakumbusha. Nakaa benchi moja na Meya, mlango wa uwanja wa majogoo, tunapepea inzi.

Amekonda, maskini. Madiwani waliona hali hiyo wakaingiwa na wasiwasi, na kwa kuwa mji wetu sasa una uzoefu, wameunda Kamati ya Utulivu wa Meya. Wanakuja kila asubuhi saa tatu. Wanamtoa nje juani, sala, wimbo wa taifa, neno la ukaribisho. Kila diwani anamshika kiwiko, anamuuliza anajisikiaje, Bitoy anapiga picha ya kumpelekea Gavana. Juzi walileta karaoke.

Leo, tuliposikia kipaza sauti chao kinakohoa kule sokoni, Meya alinisogelea karibu, akanong'ona.

"Nang, wale majongoo... wakituona tunakuja walikuwa wanafanyaje?"

"Walijifukia, Meya."

"Kina kiasi gani?"

Nikamwonyesha kwa mkono, kiasi cha kiganja hivi.

Meya akainamisha kichwa, akaitazama saruji iliyokuwa chini ya miguu yake, akaipima kwa kiganja.